Ingwe Haina Laana, Ina Madeni

Manze, wazee wa Riruta bado wanahesabu: kombe la CECAFA 1982, 1983, 1984, mfululizo! Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 hatujawahi kuona AFC Leopards ikibeba ligi. Ya mwisho ni 1998. Ati ni laana. Laana gani? SportPesa walipojitoa 2019, mishahara ikakwama. Kocha Casa Mbungo akarudi kwao Rwanda, wachezaji nao wakatoka. Waliokuwa wanadai wakaenda FIFA, na 2021 klabu ikapigwa marufuku kusajili. Sasa hapo utajenga kikosi na nani? Unabaki na vijana wadogo, na mmoja akiiva tu anaenda, pengo halizibiki. Gor pia walipigwa hiyo marufuku, lakini wao wanajililia wenyewe.