Mto ukifungwa: mambo Alunguli ilijifunza wakati wa vita



Swali moja linarudi kila mara tukiomba msaada: kwa nini munataka ghala upande wa Alunguli, wakati maghala yako tayari Kindu mjini? Jibu lake liko ndani ya historia yetu wenyewe. Tuikumbuke, maana vijana wengi wa leo walizaliwa kisha vita.

Kindu iko na komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, ule wazee wanauita Lualaba. Alunguli iko peke yake ukingo wa kuume, na daraja hakuna. Reli ya kutoka Kongolo inaishia Kindu, ng'ambo ile. Gari-moshi, uwanja wa ndege, hospitali ya jimbo, ofisi za serikali na maghala makubwa, vyote viko kule. Huku kwetu kuna njia ya Kalima na Pangi, kuna pori, na kuna mashamba. Siku ya amani hiyo si shida: unalipa mtumbwi, unavuka, jioni unarudi. Shida inaanza siku mto unafungwa.

Mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na mwezi wa 10 waasi wa RCD wakakamata Kindu. Gari-moshi likasimama. Mwaka 2002 Mai-Mai wakauzunguka mji. Waasi walikuwa ndani, Mai-Mai nje, raia katikati. Mtu akienda shambani, Mai-Mai wanasema ametumwa na RCD. Akirudi na kikapu cha muhogo, RCD wanasema alikuwa kwa Mai-Mai. Wamama ndio waliumia zaidi, kwa sababu wao ndio walikuwa wanakwenda kutafuta chakula. Wengi walibakwa, wengine hawakurudi. Familia nyingi zilikimbilia porini, wakaishi huko bila chumvi, bila sabuni, bila dawa. Chakula na dawa za msaada zilikuja Kindu kwa ndege, na ndege inatua ng'ambo ile. Kwa hiyo kila mfuko uliopangwa kwa Alunguli ulibaki na safari ya pili: kuvuka mto.

Hapo ndipo somo la kwanza linapatikana. Maniema ni nchi ya mchele, lakini mchele haukutuokoa. Mbegu ya mpunga inataka kuwekwa pakavu, na mtu anayekimbia usiku hawezi kuibeba. Akibaki nayo, njaa inamlazimisha aitwange na kuila, na msimu ukifika hana kitu cha kupanda. Muhogo ni tofauti. Unakaa ndani ya udongo kama ndani ya ghala, unachimba kidogo kidogo. Majani yake ni sombe, na vijiti vyake jirani anaweza kukukatia bure. Wenye kipande cha muhogo karibu na nyumba walikuwa na kitu cha kuweka kwenye chungu.

Mwaka 2003 serikali ya mpito iliundwa Kinshasa. MONUC ilikuwa imefika Kindu, pamoja na wanajeshi wa mtoni wa Uruguay, na mto ukaanza kupitika tena. Mwaka 2004 gari-moshi la kutoka Lubumbashi likarudi. Watu walitoka porini wamechoka, nguo zimeisha, nyumba zimeanguka. Kitu walichotafuta zaidi, kupita hata pesa, kilikuwa jembe na mbegu. Aliyepata mbegu kisha msimu kupita alingojea mwaka mwingine akiomba chakula. Hilo ni somo la pili: msaada unaochelewa majuma machache tu unaweza kumpotezea mkulima mavuno mazima.

Na si vita tu. Mwaka 1961 mvua kubwa za Afrika ya mashariki zilijaza maziwa na mito, na mto Kongo ukapanda kupita kipimo chochote kilichojulikana Kinshasa. Mwezi wa kwanza wa 2024 mto huohuo ulifika mita 6.20 kule Kinshasa, karibu sawa na 1961. Maji yakipanda namna hiyo, mtumbwi mdogo hauvuki bila hatari. Mgonjwa wa kolera au mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungojea maji yashuke.

Kwa hiyo, wandugu, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ghala kavu la mbegu na chumvi hapa Alunguli, mahali pa juu, mbali na maji. Pili, kila familia ipande muhogo karibu na nyumba, hata kama shamba lake kubwa liko mbali. Vijiti tugawane siku ya salongo. Tatu, mtumbwi mkubwa wenye mota, mali ya shirika, na mafuta yake yasiguswe kwa biashara.

Likelemba yetu inaweza kulipa kazi ya mikono na matofali. Mabati, mota na mbegu za kwanza ndivyo tunaomba kwa wafadhili. Tunaomba vifike sasa, wakati mto uko wazi na mtumbwi unavuka.