Kezilahabi Asomwapo Sigor: Ualimu katika Diwani Tatu

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Huko Sigor, Bomet, mwanafunzi aliyelelewa kwa Kikipsigis akatakiwa kuhesabu mizani ambayo sikio lake halikuizoea. Kwake, mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko haukuwa ugomvi wa wasomi tu.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) aliuingia mgogoro huo akiwa mwalimu. Alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, akafundisha sekondari kabla ya kurejea chuoni. Utangulizi wa Kichomi (1974) hutetea lugha ya kawaida ya watu. Ni hoja ya mtu aliyetoka darasani, ijapokuwa wapinzani waliiona kuwa uasi (wengine, uvivu). Karibu Ndani (1988) ilifuata uzamivu wake wa Wisconsin; humo mwalimu amempisha mwanafalsafa, na msomaji mchanga hafaidiki daima. Dhifa ikachelewa hadi 2008, mshairi akifundisha Botswana, shutuma zake kwa watawala zikiwa zimekolea. Mwalimu wa Sigor ana sababu ya kuanzia Kichomi, ambamo maana hutangulia hesabu.