Passat, Mercedes na cc 1800

Leo tuache programu, tuongee magari. Hapa Kiganjo, Thika, ukitaja gari la Kijerumani ubishi unaanza papo hapo. (Si ajabu, Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika mwaka 2016.) Mimi huwarudisha watu kwenye bajeti ya Juni 2009. Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, aliwaagiza mawaziri warudishe magari yanayozidi cc 1800. Waliozoea Mercedes wakaletewa Volkswagen Passat, na baadhi yao wakanung'unika.

Sasa tazama. Mercedes E200 Kompressor ya 2002 ilikuwa na cc 1796, nguvu za farasi 163. Passat 1.8 TSI: cc 1798, nguvu 160. Kwa kipimo cha serikali hakuna tofauti!

Tofauti iko kwenye mpangilio. Injini ya Mercedes imelala kwa urefu, propela inapeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na supachaja inazungushwa kwa mkanda, yaani inakula nguvu ya injini yenyewe. Injini ya Passat imekaa kwa upana, inavuta kwa mbele, na tabo yake inazungushwa na moshi wa ekzosi, ambao ungepotea bure. Bila propela, nafasi ya abiria inaongezeka. Kwa uhandisi, mimi nachagua Passat. Lakini kama lengo lilikuwa kuokoa pesa ya mlipa kodi, wangepima mafuta na bei ya gari, si ukubwa wa injini.