Vibanzi vya Lukenya: Hoja Dhidi ya Kupunguza Mawe Ghalani

Kuna hoja inayozidi kusikika wahifadhi wa makavazi wanapokutana: maghala yamejaa, kwa hiyo zana zilizokamilika zibaki, na vibanzi, yaani vipande vilivyobanduka jiwe lilipogongwa, vipigwe picha za pande tatu, vihesabiwe, kisha virudishwe vilikochimbuliwa. Wanaoitetea hawana nia mbaya. Rafu ni gharama na mawe ni mazito. Hata hivyo nashikilia kwamba wanakosea, na ushahidi ninaoutegemea uko Nairobi kwenyewe, katika Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill, jiji linapoanza kuteremkia Westlands.

Kwamba jiwe lisilojulikana lilikotoka halina faida kwa mtafiti, hakuna anayebisha, nami sitapoteza nafasi hapo. Ubishi uko kwingine: nani anajua leo kitakachoulizwa kesho? Louis Leakey, aliyekuja kuyaongoza makavazi hayo yakiitwa bado Coryndon, aliziita zana za Gamble's Cave karibu na Elmenteita Aurignacia ya Kenya, kwa jina la kijiji cha Ufaransa. Baadaye zikawa Kapsia ya Kenya, kwa jina la Gafsa nchini Tunisia. Mwaka 1980 mwanaakiolojia Stanley Ambrose na wenzake wakapendekeza Eburia, kutokana na mlima Eburru ulio jirani. (Ilichukua nusu karne kuuona mlima uliokuwa mbele ya macho.) Mawe ni yale yale. Kama mhifadhi wa kila kipindi angebakiza tu vile vilivyolithibitisha jina la siku zake, tungekuwa bado tunawatafuta mababu wa Elmenteita huko Ufaransa.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni eneo la uchimbaji lenye nambari GvJm-22. Herufi mbili za kwanza zinataja ukanda wa latitudo, mbili zinazofuata longitudo, na 22 ni nambari ya eneo ndani ya mraba huo. Hapo ni Lukenya, kilima cha miamba kusini-mashariki mwa Nairobi, ng'ambo ya Athi River. Mwanaakiolojia Michael Gramly alipachimba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndipo lilipotoka pande la fuvu linalojulikana kama KNM-LH 1, pamoja na mawe, mifupa na maganda ya mayai ya mbuni.

Wakati ule kupima umri kwa kaboni kulihitaji kiasi kikubwa cha kitu kinachopimwa, na kigae cha ganda chenye ukubwa wa ukucha hakikutosha. Siku hizi miligramu chache zinatosha. Mwaka 2015 Christian Tryon na wenzake walichapisha vipimo 26 vya maganda ya mbuni ya GvJm-22. Umri wa fuvu ukapatikana kati ya miaka 23,576 na 22,887, na tabaka za chini zikavuka miaka 46,000. Na mawe yalipochambuliwa upya, yakaonekana kuwa na ufundi wa Zama za Mawe za Kati na ule wa Zama za Mwisho katika eneo hilo hilo moja, jambo adimu Afrika Mashariki. Mhifadhi aliyepewa ruhusa ya kupunguza mwaka 1975 angeanza na nini, kama si vigae na vibanzi?

Nitajibiwa kwamba picha zinatosha. Hazitoshi. Kati ya mawe ya Lukenya kuna obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Baadhi yake ililetwa kutoka Bonde la Ufa upande wa Naivasha, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Harry Merrick na Frank Brown walionyesha mwaka 1984 kwamba kila chimbuko la obsidiani lina kemia yake. Kemia haimo kwenye picha, hata iwe ya pande ngapi.

Asiyeamini kwamba vibanzi vina habari na asimame mtaani Kangemi kando ya fundi anayechonga mawe ya kujengea. Jioni mawe yaliyonyooshwa hupakiwa na kupelekwa kwa mwenye nyumba. Yanayobaki chini ni mabaki, na humo ndimo ilimo kazi nzima: mabonge ya mapigo ya kwanza ya nyundo, vipande vyembamba vya tindo iliponyoosha uso, na lile jiwe lililopasuka vibaya likasukumwa pembeni kwa mguu.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua, nalo si la nafasi. Sehemu kubwa ya mawe ya Lukenya ni kwazi (quartz) iliyookotwa pale pale kilimani. Kwazi hupasuka ovyo, na kemia yake haijatuambia mengi. Gunia la vipande vyake laweza kuwa na vibanzi mia au visiwepo hata kumi, kutegemea jicho la anayechambua. Hapa niko tayari kulegeza: pengine robo ya kila tabaka yatosha, mradi ichaguliwe kwa kura na si kwa macho.

Pengine, nasema, kwa sababu katika ghala moja nisilolitaja nilifungua mfuko wa kwazi ambao wino wa lebo yake ulikuwa umefifia, umebaki "Gv" na doa la kahawia. Mifuko ya jirani ilikuwa na obsidiani, kila kibanzi kimeandikwa nambari yake kwa wino mweusi chini ya vanishi. Kwenye kwazi hakuna aliyejisumbua kuandika.