Ugezi wa mizani

Ugezi wa mizani ni kazi ya kulinganisha namba inayoonyeshwa na mizani na mawe ya mizani ambayo uzito wake unajulikana kwa hakika, ili kujua kosa lake. Kurekebisha kosa hilo ni hatua inayofuata.

Mizani ya jukwaa inayotumika kiwandani au ghalani husafishwa kwanza, husawazishwa na kuhakikishwa kuwa inasoma sifuri. Kisha mawe huongezwa kidogokidogo hadi kikomo cha mizani, halafu hupunguzwa vilevile, na kila matokeo huandikwa. Mawe huwekwa pia kwenye kila pembe ya jukwaa, kwa kuwa mizani inaweza kuwa sahihi katikati na kukosea pembeni. Mwishoni mzigo uleule hupimwa mara kadhaa.

Mizani ya kielektroniki huhisi nguvu ya mvutano wa dunia, ambayo ni ndogo zaidi kwenye ikweta. Iliyorekebishwa kwenye ncha ya dunia ingesoma takriban kilogramu 99.5 kwa mzigo wa kilogramu 100 kwenye ikweta. Kwa hiyo ugezi hufanyika mahali mizani inapotumika.

Nchini Tanzania mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kosa la kilogramu moja kwa gunia la kilogramu 100 huonekana dogo, lakini katika magunia 100 mkulima amepoteza gunia zima.