Milima Iliyodhaniwa Haina Wenyewe

Hifadhi ya Taifa ya Gates of the Arctic, kaskazini mwa Alaska, haina barabara hata moja ndani yake. Haina lango la kulipia, wala hoteli, wala njia ya miguu iliyotengenezwa. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 34,000, zaidi ya mara mbili ya Serengeti, na yote iko kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki. Wageni wengi hupanda ndege ndogo kutoka Fairbanks hadi Bettles, kisha nyingine inayotua ziwani au kwenye changarawe za kingo za mto. Wengine huiacha barabara ya Dalton, iliyojengwa mwaka 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta, wakavuka mito kwa miguu yao. Chakula hufungiwa ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Rubani akishaondoka, simu ya mkononi haisaidii kitu.

Jina la hifadhi linatokana na Robert Marshall, mtaalamu wa misitu kutoka New York, aliyefika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Akifuata tawi la kaskazini la mto Koyukuk, aliiona milima miwili, Frigid Crags na Boreal, imesimama mmoja kila upande wa mto, akaiita malango ya Aktiki. Baadaye alirudi kuishi Wiseman, kijiji cha wachimba dhahabu na Wainupiat, wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, akaandika kitabu juu ya wakazi wake, Arctic Village, kilichotoka mwaka 1933. Sehemu ya mapato yake aliwagawia wanakijiji wenyewe. Mwaka 1935 alishiriki kuanzisha Wilderness Society, chama cha kutetea nyika zisizoguswa. Alifariki mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 38 tu.

Marshall aliipenda milima hiyo kwa upweke wake. Lakini upweke aliouona ulikuwa wa muda tu. Wanunamiut, Wainupiat wa bara, walikuwa wameishi humo kwa kuwinda karibuu, wanyama wa jamii ya kulungu wanaohama kwa makundi makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibuu walipungua mno, njaa ikaingia, na kufikia miaka ya 1920 familia nyingi zilikuwa zimeteremkia pwani. Marshall alipita wakati wenyewe hawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 baadhi yao walianza kurudi, na kuanzia mwaka 1949 wakakusanyika Anaktuvuk Pass, kijiji ambacho leo kimezungukwa na hifadhi pande zote.

Rais Jimmy Carter aliitangaza sehemu hiyo kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa Desemba 1978, na tarehe 2 Desemba 1980 akatia saini sheria iliyoifanya hifadhi ya taifa. Kwangu, heshima kubwa ya sheria hiyo ni kwamba haikuwafukuza watu: wenyeji waliruhusiwa kuendelea kuwinda na kuvua kwa ajili ya riziki yao. Katika historia ya hifadhi duniani, jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Hata hivyo mivutano haikukosekana. Wawindaji wa Anaktuvuk Pass walihitaji magari madogo ya kupita topeni wakati wa kiangazi. Wasimamizi walihofia majeraha ya ardhi ile laini. Suala hilo lilijadiliwa kwa miaka mingi, hadi Bunge la Marekani lilipoidhinisha mabadilishano ya ardhi mwaka 1996.

Ningemshauri mgeni apitie kwanza Anaktuvuk Pass, kabla ya kubeba mzigo wake kuelekea mabondeni. Kuna makumbusho yenye jina la Simon Paneak, kiongozi wa Wanunamiut aliyefariki mwaka 1975. Mwanabiolojia Laurence Irving alipotaka kuwaandika ndege wa bonde hilo, Paneak ndiye aliyemwonyesha, aina moja baada ya nyingine, kwa majina yaliyokuwapo tangu zamani.