Mchwa, Mkaratusi na Chuma

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Maseno wanabishana siku hizi kama paa la nyumba mpya lishikwe na mbao au chuma, usianzie kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anzia kwa mchwa.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wahandisi walikuwa na swali hilo hilo letu. Kwingi duniani wakati huo mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, yalikuwa ya mbao. Lakini hapa ukilaza mbao chini, mchwa hawakuulizi unaitwa nani. Reli nzima ilihitaji mataruma milioni 1.2 hivi, na mengi yakaagizwa ya chuma, kwa meli, kutoka mbali.

Mbao haikufukuzwa kabisa. Daraja la kwanza la reli kutoka kisiwa cha Mombasa hadi bara lilikuwa la mbao, la muda tu, ili kazi isisimame. Huku kwetu, mabonde kati ya Nakuru na ziwa yalihitaji madaraja 27 marefu ya chuma, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Treni ikafika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mantiki ya Mwingereza ilikuwa rahisi: mbao ni ya haraka, chuma ni cha kudumu.

Sasa sikiza kitu ambacho hatukufundishwa shuleni. Ile treni ya chuma ilikula kuni. Injini za mvuke zilihitaji moto, na moto ulihitaji miti inayokua upesi. Ndiyo maana mkaratusi, mti wa Australia, uliletwa Kenya mwaka 1902 hivi. Ile miti mirefu unayoiona ukipanda kutoka Kisumu kuja Maseno, ambayo kila mtu anadhani ni ya babu zake, ilifuata reli. Chuma na mbao havikuja hapa kama maadui. Kimoja kilikuja na mwenzake mgongoni.

Na kabla ya reli je? Chuma kilikuwepo. Wahunzi wa milima ya Samia walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kutengeneza majembe yaliyouzwa mbali. Lakini tanuru lao lilitumia makaa, kwa hivyo kila jembe lilikuwa limekula mti. Chuma kilikuwa cha kulima, kukata na kupigana. Hakuna aliyefikiria kukiweka juu ya kichwa chake alale.

Nyumba ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na ilikuwa na saa yake. Mjaluo akihama boma la baba kuanzisha lake, anashika jogoo, mwanawe wa kwanza anabeba shoka, mke anabeba moto. Nyumba inapaswa kusimama siku hiyo hiyo. Siku moja! Fundi gani wa leo atakubali mkataba huo? Iliwezekana kwa sababu vifaa vilikuwa vinaota hapo karibu na majirani walikuja kusaidia. Wenye boma wakishafariki, nyumba nayo iliachwa iende. Miti ikaoza, nyasi zikaanguka, mahali pakaitwa gunda, boma la zamani. Nenda Thimlich Ohinga kule Migori uone: kuta za mawe yasiyo na saruji bado zimesimama baada ya karne kadhaa, lakini nyumba zilizokuwa ndani hazipo. Wenyewe hawakuzijenga ziwazidi umri.

Kisha mabati yakaja. Bati si kitu kingine ila chuma chembamba kilichopakwa zinki. Wamisheni waliokuja Maseno mwaka 1906, mahali ambapo simulizi inasema palipata jina kutoka kwa mti wa oseno, walianzisha shule, na waliosoma wakataka kuishi tofauti na wazazi wao. Bati ni kitu kilichonyooka, halipendi nyumba ya duara, kwa hivyo nyumba zikapata kona. Mwenye bati akaonekana ameendelea. Ila bati lilileta swali ambalo nyasi hazikuwa nalo: nyumba ikikataa kuanguka mwenyewe akishakufa, ni ya nani? Leo ndugu wanaburutana kortini juu ya nyumba ambazo zamani mvua ingekuwa imeshaamua kesi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna mikaratusi ya marehemu baba ambayo ilikuwa iuzwe ilipe karo yangu. Bado imesimama. Sasa Mama anajenga, na fundi anamwambia auze hiyo miti anunue fremu ya chuma. Hoja zake si za bure. Tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya mbao ilipanda. Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku Julai 2023, mafundi wengi walikuwa tayari wamezoea chuma. Hakipindi kama mbao mbichi, na mchwa hana habari nacho.

Nikamwambia Mama kwamba Norway, mji wa Brumunddal, kuna jengo la ghorofa 18 linaloitwa Mjøstårnet, lilikamilika 2019, mita 85, limeshikwa na mbao zilizogandishwa kwa gundi. Akanitazama. "Hao wana mchwa?" Sikuwa na la kusema. Ni kweli mbao nene ikiungua inajifunika kwa mkaa unaolinda ndani, wakati chuma kikifika nyuzi 600 za joto kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ni kweli pia viwanda vya chuma vinatoa angalau asilimia 7 ya hewa ya ukaa duniani. Lakini Maseno hatuuziwi mbao ya Norway. Tunauziwa saiprasi iliyokatwa wiki iliyopita, bado ina maji.

Kwa hivyo sitakwambia mbao ni ya asili, ipende. Mkaratusi wenyewe ni mgeni. Ninachosema ni kwamba swali la nguvu halitoshi. Uliza kikiharibika nani atatengeneza. Mbao ikipinda, unaita jirani mwenye msumeno na nyundo. Fremu ya chuma ikishika kutu kwenye viungo, unasubiri fundi wa kuchomelea, stima na pesa. Uliza pesa yenyewe inaenda wapi: kwa mwenye shamba la miti hapa Maseno, au kwa kiwanda usichokijua. Halafu uliza swali ambalo wazee walilijibu kabla ya kuchimba shimo la kwanza: hii nyumba iishi miaka mingapi, na ikibaki, imbakie nani?

Mwingereza alijibu hilo la mwisho kwa chuma, kwa sababu alidhani atakaa milele. Madaraja yake mengine bado yapo. Yeye alienda mwaka 1963.